Konokono Aliyepewa Majina ya Watu

Kasuku, jirani yetu, alikuwa akila kwa mdomo wake. Mwenye duka la filamu alimletea filamu za kigeni, naye alikaa mbele ya kompyuta, akavaa spika za masikioni na kurekodi kwa Kiswahili sauti za wote: polisi, bibi harusi, mpaka mbwa. Hakuwa na mazoea ya kuitazama filamu kwanza. Alisema huku akiona. Na utamu wake ulikuwa mmoja: waliokufa kwenye filamu aliwapa majina ya watu wa mtaani kwetu. Watu walivunjika mbavu. Wengine walimfuata kumwomba awaue.

Asubuhi hiyo aliletewa filamu ya konokono. Ndiyo, konokono, mkubwa kama lori, anayeua watu. Robo saa haikuisha, Kasuku alishachefuka. Gamba lilikuwa la plastiki, mshono unauona kabisa. Ute ulichuruzika kila mahali kama uji uliochacha. Halafu mnyama mwenyewe anakwenda mwendo wa konokono, na watu wamesimama wanapiga mayowe wakimngoja, kila mmoja na miguu yake miwili. Jamani, mtu mzima anashindwaje kumkimbia konokono? Takataka tupu. Lakini kazi ni kazi.

Wa kwanza kumezwa alimpa jina la Fundi Saa, mwenye kibanda pale kona. Wa pili akamwita Dobi. Wa tatu alikuwa bibi mgonjwa, amelala kitandani, hawezi kuinuka. Huyo angalau alikuwa na sababu ya kutokimbia.

Sasa, mama yake Kasuku alikuwa chumba cha pili, mwaka wa tatu kitandani. Kiharusi kilimchukua upande mmoja, kikampinda mdomo, ila ucheshi hakikuuweza, na mtaa mzima ulimwita Bi Cheko. Alizisikiliza kazi za mwanawe kupitia ukutani, na kila siku alilalamika kwa ulimi wake mzito kwamba wenzake wote wameshakufa kwenye filamu, yeye mbona anabaguliwa. Basi kwa kuichoka ile filamu, na kwa kumpenda mama yake, Kasuku akasema kwenye maiki, "Bi Cheko, amekufikia."

Ng'ambo ya ukuta, mama alicheka mpaka akakohoa.

Kesho yake Fundi Saa alikutwa kibandani amekufa. Daktari alisema ni moyo. Lakini mmoja wa waliombeba alimvuta Kasuku pembeni, akamnong'oneza kwamba ngozi ya marehemu ilikuwa ikiteleza na kubaki mikononi, kama sabuni iliyosahauliwa majini. Na zile saa zote mezani zilikuwa zimezama kwenye ute. Kasuku alitapika palepale.

Alijiambia mambo hutokea. Siku ya pili yake akafa Dobi, mchana kweupe, nguo zikiwa bado kambani. Kwenye mashuka meupe kulikuwa na ukanda mpana uliong'aa, ukinuka samaki wa juzi. Kasuku aliutazama. Kisha hesabu ikamjia: wa kwanza, wa pili. Akatimua mbio kwenda nyumbani.

Bi Cheko alikuwa hai. Kasuku akamfuta mdomo, akamgeuza ubavu. Akaenda kwenye kompyuta, akalifuta jina la mama. Akasikiliza. Jina lipo. Akafuta tena. Lipo. Ukimya haukukubali kukaa pale. Palitaka jina la mtu. Akamfikiria mwenye duka, akamfikiria mwenye nyumba. Ulimi ukakataa. Akaisogelea maiki, akasema polepole, "Kasuku, amekufikia."

Hilo likakaa.

Aliporudi kwa mama yake, alimkuta amekodoa macho.

"Nimesikia," mama alinong'ona. "Rudisha jina langu."

"Lala, mama."

"Miaka mitatu nalala, mwanangu. Nimelala vya kutosha."

Kasuku alikuwa amewahi kusikia kwamba konokono na chumvi hawapatani. Chumvi ya nyumbani ilitosha mlango mmoja tu, akaimwaga yote kwenye kizingiti cha mama. Kisha akatoka kwenda dukani kununua nyingine. Hakuchukua dakika kumi.

Harufu ilimpokea mlangoni. Samaki wa juzi.

Kitanda kilikuwa kitupu. Blanketi lilikuwa na joto bado, na lilikuwa limelowa. Kutoka kitandani ukanda wa ute ulishuka sakafuni, ukapita juu ya chumvi. Ajabu, chumvi ilikuwa kavu. Haikuguswa hata punje. Na ukanda haukuwa mpana kama ule wa kwa Dobi. Ulikuwa na upana wa mtu mmoja anayejiburuta.

Ulikwenda mpaka kwenye kiti cha kazi cha Kasuku. Hapo ukaishia. Haukurudi, haukutoka nje.

Maiki ilikuwa ikidondosha ute. Kasuku akazivaa zile spika, zikamnata masikioni, ute baridi ukamwingia. Akaiwasha filamu. Kitanda. Bibi mgonjwa. Kivuli cha gamba la plastiki.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mama, ile ya kabla ya kiharusi, imenyooka, kila neno mahali pake.

"Bi Cheko, amekufikia."

Kikafuata kicheko. Chini ya kicheko, kitu kikimeza. Polepole. Bila haraka yoyote.

Bi Cheko hakuonekana tena, wala mfupa. Kasuku kazi ile aliiacha. Utamkuta mtaani na kitambaa mkononi, anafuta sikio la kulia, anakikamua, anafuta tena. Madaktari watatu wamelichungulia na hawakuona kidonda. Ute unatoka tu.