Zamu ya Odwori Kungoja

Soko la Busia, upande wa Uganda, lilikuwa limefurika siku Akiror alipoisikia sauti ambayo huko Oman alikuwa akiilaani kila akipiga pasi nguo za watu.

"Dada, hiki kitenge ni pesa ngapi?"

Akageuka. Gauni lake la manjano lilimkaa vizuri kiunoni, na mkufu wa Maskati uling'aa shingoni. Mwanamume akaachia kitenge kikaanguka.

"Akiror! Umerudi?"

"Nimerudi, bambi," akasema, kwa neno lile la Kiganda la kubembeleza. "Hii duka ni yangu. Wewe nafikiri nilikufa?"

Mwanamume huyo, Odwori, aliuza nyaya na balbu upande wa Kenya. Zamani walipendana sana, na siku ikapangwa alete wazee wake wajitambulishe kwa wazazi wa Akiror kule Mukuju, Tororo. Akiror alikuwa awapokee stendi ya Busia awaonyeshe njia. Alisimama pale ndani ya gomesi, gauni la sherehe, ya zambarau, bila kumwona Odwori, mpaka wauza chapati wakaanza kumcheka. Hakumpigia simu, maana msichana hamkimbilii mume siku kama ile. Nyumbani kuku walikuwa wameshachinjwa. Hapo hapo stendi, kwa hasira, akaitupa laini yake mtaroni, na haukupita muda alikuwa ndani ya ndege pamoja na wasichana wengine wa Tororo, wakienda kulea watoto wa watu ili wa kwao wasome. Oman ilimjengea babake nyumba ya matofali na kumfungulia yeye duka. Aibu ile haikumtoka.

"Akiror, kuhusu siku ile..." Odwori alianza.

"Ya zamani wacha. Sitaki."

Odwori naye alikuwa na kidonda chake. Akaona afadhali.

Simu zikaanza kila jioni.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe nakonda, nani nakupikia huko?"

"Nakungoja wewe unipikie. Nilete wazee?"

"Leta. Na yule mjomba yako ya kofia, alete."

"Tukutane wapi?"

"Stendi, Busia. Pale pale."

Akakata simu, akacheka peke yake. Mukuju hakumwambia mtu. Alipanga kukaa roshani ya hoteli inayotazama stendi, amwone Odwori akitoka jasho mbele ya wazee wake, halafu azime simu. Simlaumu hata kidogo. Ukichekwa na wauza chapati ukiwa umevaa gomesi, nawe utapanga yako.

Siku ikafika. Akiror akaagiza soda baridi, akavuta kiti hadi ukingoni. Stendi ikajaa, ikapungua, ikajaa tena, na Odwori hakuonekana.

"Amenifanyia tena!" alisema kwa sauti, na machozi yakamtoka mbele ya mhudumu. Simu ikalia.

"Mpenzi, uko wapi? Jua linawachoma wazee, na mbuzi amekata kamba."

"Mwongo! Mimi naona stendi yote. Wewe hauko!"

"Aki niko stendi, Busia!"

"Mimi pia niko Busia!"

"Akiror... Busia yenu ama yetu?"

Busia ziko mbili, moja kila upande wa mpaka, na kila moja ina stendi yake; mtu wa mpakani akisema Busia, ana maana ya upande wake. Ule mwingine ni ng'ambo tu. Wote wawili walilijua hilo tangu utotoni, na hakuna aliyekumbuka kuuliza.

"Na siku ile?" Akiror aliuliza.

"Tulikuwa hapa hapa na mjomba, mpaka jioni. Nilipoanza kukupigia, ulikuwa haupatikani. Kisha nikasikia uko Oman. Nilikuchukia, Akiror. Nilikuchukia kabisa."

Hasira ya miaka yote ile ikampanda, na safari hii haikuwa na mtu wa kumwangukia.

"Odwori, leo sikuwa nakuja. Nilitaka tu kuona wewe naaibika."

Odwori alivuta pumzi. "Basi vuka utuone kwa karibu. Kutoka huko hutaona vizuri."

Akiror akacheka huku akilia. "Usitoke hapo. Mimi ndiye nakuja."

Hata hivyo aliimaliza soda yake polepole, kwani ilikuwa zamu ya Odwori kungoja. Kisha akampigia mamake, wakaongea Kiteso.

"Mama, bandika maji ya ugali wa wimbi. Wageni wanakuja."

"Wageni gani tena, mbona hukusema?"

"Wale wa mwaka ule, mama. Walikuwa wakitungoja ng'ambo."