Mikono ya Bi Nakijwa

Roboti Mkandaji haikuwa na kichwa, wala haikukihitaji. Ilikuwa mikono miwili tu, ikining'inia kutoka darini, imevikwa ngozi laini yenye joto la mwili wa binadamu. Asubuhi ile, katika jumba la tiba mjini Moshi, ilikuwa inamkanda rubani wa teksi za angani, pande la mtu, na pande lile lilikoroma bila aibu.

Vidole vilifuata mikondo. Wakandaji wa Kitai hufundisha kwamba nguvu ya uhai hupita mwilini kwa njia zake, kama maji ya mfereji shambani. Njia ikiziba begani, utashangaa kiuno ndicho kinacholia. Hayo Bi Nakijwa aliyasomea nchini kwa wakandaji hao, mji wa Chiang Mai, kwa Mwalimu Pranee, akiwa msichana. Kisha akarudi Moshi kukanda watu juu ya mkeka, katika chumba kilichonukia mchaichai.

Na mikono ya roboti ilikuwa yake. Binti yake, Mhandisi Eliapenda, ndiye aliyemvika glavuhisi, glavu zenye nyuzi za umeme zilizopenya chini ya ngozi na kunakili kila mkandamizo. Alizivaa kwa miaka mingi. Kazi hiyo ya kunakili ilipokwisha alikunja mkeka wake, na tangu hapo hakumgusa mteja tena. Watu walisema amechoka, na nani angemlaumu?

Kila mwaka binti alimsihi aje ajaribu roboti, naye alikataa. Leo amekuja.

"Nataka kujua kama nimo humo ndani," alisema. "Kama simo, mwanangu, basi kazi yangu imepotea."

Eliapenda alimpa chai iliyotoka kuchemka. Bi Nakijwa alikikumbatia kikombe cha bati kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Hakikuunguzi?"

"Chai ya moto ndiyo chai."

"Haya, nyie wa zamani mna ngozi ya chuma," binti akacheka.

Rubani aliamka, akajinyoosha, akaenda zake. Bi Nakijwa akalala mkekani, akafumba macho. Mikono ikashuka, ikazishika nyayo zake papo hapo na kuanza kazi.

"Simamisha!"

Eliapenda alibonyeza kitufe mbio. "Imekuumiza?"

"Ebo! Mtu gani anaingia mwilini mwa mwenzake bila kubisha hodi?"

"Mama, hiyo ni mashine."

"Mimi nilikuwa naanzaje? Umesahau?"

Hakusahau. Mama yake alikuwa anapiga magoti, anaunganisha viganja kifuani, anakaa kimya. Ndipo anagusa.

"Tuliukata ukimya ule," Eliapenda alisema polepole. "Glavu hazikuonyesha mwendo wowote. Tukaona ni muda unaopotea bure."

"Loo! Pale nilikuwa namshukuru Mwalimu Pranee, kama naye alivyomshukuru mwalimu wake. Kisha naisikiliza pumzi ya mtu, mpaka yangu ifuatane nayo. Vidole vitajuaje pa kwenda, kama hujamsikiliza mwenyewe? Urudishe."

"Haupo tena. Tulifuta."

Bi Nakijwa aligeuza uso ukutani. Eliapenda akakumbuka zile jioni za utoto. Alikuwa anavua viatu vya shule mlangoni, anangoja wateja waondoke, kisha analala mkekani, wa mwisho. Mama anapiga magoti, kimya. Katika kimya kile alijua sasa mama ni wake peke yake. Jamani, aliutamani wakati ule!

Akaizima roboti. Akavua viatu, akapiga magoti miguuni pa mama yake.

"Nifundishe wewe. Weka mikono yako juu ya yangu, uniongoze."

Bi Nakijwa aliinuka, akakaa, akafumba macho, akaweka mkono wake. Ukaangukia pembeni, juu ya mkeka, nao ukabaki hapohapo ukiukandamiza mkeka. Hakuusogeza. Eliapenda aliutazama, kisha akakitazama kile kikombe cha bati.

"Mama. Husikii?"

"Tangu zile glavu zenu. Ganzi ilianza vidoleni, ikapanda viganjani."

"Na hukusema!"

"Ungeiacha kazi yako. Ulikuwa unaipenda mno."

Eliapenda alilia pale pale, kwa sauti, bila kujificha. Mama yake alimwacha alie. Halafu akajilaza tena, akanyoosha miguu.

"Haya, futa kamasi. Mikono imekufa, lakini nyayo bado zinasikia. Wewe kanda, mimi nitakuambia ukikosea. Wa kushoto kwanza, wanawake tunaanziwa kushoto."

Eliapenda akaunyoosha mkono kuushika mguu wa kushoto.

"Aa-aa," mama akasema, macho yamefumbwa.

Akaurudisha mkono. Akaunganisha viganja kifuani, akakaa kimya, akisikiliza mama yake anavyopumua.