Mume Wangu na Wageni wa Angani

"Hilo sanduku unalipeleka wapi?"

"Kwa mama. Nimechoka kuolewa na mgongo."

Mume wangu aliganda mlangoni, kitambulisho cha kazi bado shingoni. Kazi yake ni kusikiliza anga kwa antena kubwa, huenda viumbe wenye akili huko juu wakapiga hodi. Miaka saba anawasikiliza hao. Mimi nikiongea, ananigeuzia mgongo, macho yake yapo kwenye kompyuta.

"Jana nimekupigia mara kumi na moja! Nimeanguka kwenye ngazi, tazama mguu ulivyovimba. Jirani ndiye aliyenipeleka hospitali. Na wewe ukalala hukohuko kazini!"

Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Tulikuwa tunashangilia."

"Mnashangilia nini?"

"Antena ilinasa mawimbi. Yanakuja, yanakatika, yanarudi. Mara kumi na moja. Bosi alilia, tukakumbatiana, tukasema hatimaye wamejitokeza." Akajifuta uso. "Asubuhi nikatoa simu kwenye koti. Sheria ni kuizima kabisa karibu na antena, mimi niliondoa mlio tu. Tukalinganisha saa. Mke wangu, ni wewe uliyekuwa unaita."

Jamani! Sikujua nicheke au nimrushie kiatu.

"Kwa hiyo huko juu hakuna mtu?"

"Huenda hakuna. Dunia ilihitaji jua tulivu, maji, umbali unaofaa kutoka jua hilo. Uhai ulipopatikana, ukakaa mabilioni ya miaka ukiwa vijidudu tu. Na viumbe wengi wanaishi vizuri bila akili yoyote..."

"Nawajua. Nimeolewa na mmoja."

Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Kila hatua ingeweza kukwama. Pengine kwingine kote ilikwama. Hapa ikapita, akatokea mtu mwenye akili, ananipenda, anateseka kunipigia simu, na mimi nimemwandika kwenye ripoti kama kelele za mitambo. Nisamehe. Nashukuru kwamba upo. Kweli tena, nashukuru tu kwamba upo."

Hasira yangu yote ikaniishia. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Akauweka mguu wangu mapajani, taratibu.

"Niambie ilivyokuwa. Anzia mwanzo."

Nikamsimulia yote, hadi rangi ya kiti cha hospitali, naye akauliza maswali. Kisha nikamwandikia mama: "Siji tena. Tumepatana."

Mama akajibu papo hapo: "Asante Mungu. Hata kitanda sikukutandikia, nilijua huji."