Kinyozi Aliyefunika Kioo

Kinyozi huyu watu walimwita Kasuku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Wateja wengine walikuja na vichwa visivyohitaji kunyolewa, ilimradi wacheke.

Kisha pacha wake akafariki. Alianguka kazini, hakuamka tena.

Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Kasuku alipofungua duka baada ya maziko, aliwasha taa, akainua macho. Kwenye kioo akamwona ndugu yake. Alichukua taulo, akakifunika.

"Sasa nitajuaje kama umeninyoa vizuri?" mteja akauliza.

"Kichwa ni chako. Kipapase."

Zamani ungekuwa utani. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Miezi miwili ikapita. Kasuku alikula kidogo, akalala kidogo, akanuna sana. Mama yake alituma salamu kila wiki: "Mwambieni mwanangu aje." Hakwenda.

"Akiniona mimi atamwona marehemu," alimwambia mkewe. "Nitamtonesha kidonda."

"Na usipokwenda, atakuwa amezika wawili," mkewe akajibu.

Maneno hayo yalimchoma.

Jirani yake dukani alikuwa fundi viatu, mzee wa kanisa, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Asubuhi moja aliingia kunyoa ndevu. Alilitazama taulo pale ukutani.

"Unaomba, mwanangu?"

"Nimejaribu, mzee. Maneno hayatoki. Nimemkasirikia Mungu. Nitamwambia nini?"

"Mwambie hilohilo."

Kasuku akasimamisha mashine. "Si dhambi?"

"Yesu alilia rafiki yake alipokufa. Machozi yako hayatamshangaza. Mke wangu alipoondoka, nilisali kwa maneno mazuri mwezi mzima, moyo ukabaki umefungwa. Siku niliyosema ukweli ndipo nilipopumua. Usitafute maneno ya mimbarini. Mtaje ndugu yako kwa jina. Sema kinachouma. Kisha nyamaza kidogo. Kesho rudia."

"Na usingizi ulionipotea?"

"Usiporudi, nenda zahanati, wapo washauri. Kuomba hakukatazi matibabu. Tuanze sasa?"

Walifunga mlango. Fundi viatu alikaa kwenye kiti cha wateja, ndevu zimenyolewa upande mmoja. Kasuku alisimama, mashine bado mkononi.

"Bwana," alisema. Kisha akamtaja ndugu yake. "Umemchukua, na mimi sijaelewa. Nina hasira. Nimechoka kujifanya mzima. Nishike, Bwana, maana nadondoka."

Akalia. Hakuwa amelia hata makaburini. Mzee hakumbembeleza, alimshika bega tu na kuomba pamoja naye kwa sauti ya chini.

Kesho yake uchungu ulikuwa palepale. Kasuku aliomba tena kabla ya kufungua duka. Siku nyingine alisema sentensi mbili, siku nyingine alilia tu. Jumapili alirudi kanisani na mkewe. Wiki ya tatu aligundua amelala mpaka alfajiri bila kushtuka. Asubuhi ile aliliondoa taulo. Alijitazama, moyo ukamuuma, akashukuru kwa miaka waliyoishi pamoja, kisha akamwita mteja wa kwanza.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake. Alipiga hodi.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Niliogopa ukiniona utamwona yeye."

Mama alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamkagua kama anayetafuta uchafu usoni.

"Marahaba. Nani kakudanganya? Watu wote waliwachanganya. Walimu waliwachanganya, baba yenu aliwachanganya. Mimi sijawahi, hata mlipokuwa wachanga. Nikikuona wewe, nakuona wewe. Na wewe ndiye niliyekuwa nakungoja."

Waliomba pamoja, wameshikana mikono. Mama alimtaja marehemu, akamtaja aliye hai, akashukuru kwa wote wawili.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Nieleze siku ile alipojifanya wewe akala viboko vyako shuleni."

Kasuku akaanza kueleza. Alipofika pale mwalimu alipomuuliza marehemu jina lake, naye akasahau kwamba alipaswa kutaja jina la pacha wake, mama alicheka mpaka akashika mbavu. Kasuku naye akacheka, akaendelea kuongea, na chai ikapoa mbele yao.