Kinyaa na Madoa ya Pembeni

Kila alasiri akirudi shuleni, Kinyaa alianzia kwenye bomba la uani. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akanusa vidole, akakunja uso, akanawa tena. Jina lake halisi lilijulikana na mwalimu tu. Mtaani wote walimwita Kinyaa, kwa sababu hakuna kitu ambacho hakikumtia kinyaa msichana yule: kikombe chenye utando wa chai, kamasi za watoto wa jirani, kandambili za watu wengine, hata mtu akipiga chafya ng'ambo ya barabara. "Ptuu!" Hilo ndilo lililokuwa neno lake, asubuhi na jioni, mpaka watu wakamchoka.

Akishanawa, alitia peremende nyekundu mdomoni, akavuta boksi kutoka chini ya kitanda. Humo ndimo ilimokuwa roho yake. Vitabu vya katuni! Alivinunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba, na alivyovipenda kupita vyote ni vya Fundi Saa, yule mtengeneza saa anayekamata wezi. Kila toleo lilikuwa na mfuko wake wa nailoni. Alichomoa kimoja, akajikunja kitandani, akasoma: peremende shavuni, kidole kwenye ulimi, ukurasa unafunuka, kidole kwenye ulimi tena, ukurasa unafunuka.

Kilichomkosesha usingizi ni toleo la tisa. La nane liliishia Fundi Saa akiwa amefungiwa ndani ya kasiki la benki, hewa inakwisha, na hadithi ikakatwa hapo hapo. La tisa halikuwa likichapishwa tena. Aliyekuwa nalo ni kinyozi wa mtaa wa pili, bwana aliyejaza katuni kabati zima nyuma ya kiti chake cha kunyolea.

"La tisa ninazo nakala mbili," kinyozi alimwambia. "Moja tutabadilishana. Niletee lolote kati ya matoleo manne ya mwanzo, maana ya kwangu yamechakaa. Lakini liwe la daraja la kwanza, binti. Pini zisiwe na kutu, mgongo usiwe umevunjika, kurasa zisiwe na doa. Njoo Jumamosi asubuhi. Mchana kuna mtu mwingine anakuja kulitaka."

Ijumaa jioni Kinyaa akapekua boksi. Toleo la pili lilikuwa limechanika, la tatu halikuwa na jalada, na la nne lilipotea zamani, hata hakukumbuka lilipotelea wapi. Likabaki la kwanza. Jalada lake liling'aa, pini nazo safi. Akatabasamu, akalifungua ili alikague kama anavyokagua kinyozi.

Lo! Pembeni, pale chini ambapo mtu hushika akifunua, kila ukurasa ulikuwa na doa la hudhurungi lenye wekundu ndani yake. Karatasi ilikuwa imevimba, ikakauka, ikawa ngumu kama gamba la kidonda. Alikuwa amekisoma kitabu kile mara nyingi, lakini siku zote macho yake yalikuwa kwenye picha. Sasa alipoliona doa, alikishika kwa ncha za vidole.

Hakuhitaji kumtafuta mkosaji mbali. Chumba kile alilala na Bibi, mama yake mama, ambaye kila jioni alijichua magoti kwa dawa ya mafuta yenye harufu kali. Na Bibi alipenda kusoma katuni Kinyaa akiwa shuleni. Saa hiyo alikuwa ameketi kitandani, chupa ya dawa mkononi.

"Bibi! Umevishika vitabu vyangu na hiyo midawa yako?"

"Kusoma nimesoma, mjukuu wangu. Lakini dawa—"

"Tazama! Tazama ulivyokichafua! Ptuu! Mikono yako inanuka, inanitia kinyaa! Usiguse tena kitu changu!"

Bibi akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akaificha chini ya shuka.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe! Unajua unasema na nani? Huyo ni mama yangu! Kesho tunakwenda sote kwa huyo kinyozi wako. Anayejua madoa atuambie doa hili ni la nani."

Asubuhi wakaenda, Kinyaa mbele na kitabu chake, Mama na Bibi nyuma wakitembea taratibu kwa sababu ya magoti. Kinyozi alimwacha mteja mmoja na povu kidevuni, akanawa mikono, akaifuta, akatandika taulo safi mezani. Akakikagua kitabu. "Mgongo mzuri. Pini nzuri," alisema huku akitabasamu. Akafungua. Tabasamu likayeyuka.

"Ah! Nini hii? Hiki ni cha daraja la nne, binti. Cha kusomea tu."

"Ni Bibi," Kinyaa alisema haraka. "Ana dawa ya magoti."

Kinyozi akanusa doa, akakunja pua. "Hapana. Dawa ya kuchua ni mafuta. Mafuta yangepenya, karatasi ingeonyesha maandishi ya upande wa pili. Hapa pameingia majimaji yenye sukari. Hebu keti unisomee kurasa za kwanza, nione madoa yanapoanzia."

Kinyaa akaketi. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti nzuri kabisa, peremende ikigonga meno. Alipofika mwisho, kidole kikaenda kwenye ulimi, kikarudi chekundu na utelezi, kikafunua.

"Ala!" mteja wa povu akapiga kelele. "Analamba!"

Kinyaa akaganda. Kidole chake kilikuwa bado juu ya doa, na kilienea pale pale, hakikupungua wala kuzidi.

"Kitabu hiki ulikinunua wapi?" kinyozi aliuliza.

"Mitumba."

"Basi kabla yako kililala ghalani. Mende wamekitembea, panya wamekikojolea, na pengine kuna mtu alikisoma huku anajichokonoa pua. Ukaja wewe. Unakishika, unalamba, unakishika, unalamba. Kitabu chote!"

Mungu wangu! Kinyaa akatoka mbio. Alitema mate kando ya mtaro mpaka kinywa kikakauka, akasukutua kwa maji ya kinyozi, akatema tena. Yeye aliyekataa vikombe vya watu! Yeye aliyeruka kandambili! Alijiona mchafu kuliko huo mtaro. Kisha akakumbuka mikono ya Bibi ikijificha chini ya shuka, na kinyaa cha jambo hilo hakikutemeka.

Akarudi ndani, akapiga magoti mbele ya Bibi mbele za watu wote.

"Bibi, nisamehe. Uchafu ni wangu. Nimekusingizia, tena nimekutukana."

Bibi alifungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Kilikuwa toleo la nne.

"Uliniazima nilipougua, ukasahau kunidai," alisema. "Nami nikazoea kukisoma. Nanawa kwanza, nafunua kwa ncha ya leso. Leo nimekuja nacho nikurudishie mbele ya shahidi, usije ukasema nimekuharibia na hiki."

Kinyaa akainamisha kichwa. Kinyozi alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakikagua ukurasa kwa ukurasa. "Daraja la kwanza!" alisema. "Kama kimetoka kiwandani leo. Nipe hiki, nikupe la tisa, na la nne langu lililochakaa nikuongezee, usibaki na pengo."

"Aseme Bibi," Kinyaa alinong'ona. "Ndiye aliyekitunza."

"Mpe, mpe!" Bibi alisema. "Mimi mwenyewe nataka kujua kama yule fundi alitoka kwenye kasiki!"

Watu wakacheka, hata Mama.

Jioni ile Kinyaa alimletea Bibi beseni, sabuni na taulo, kisha akanawa baada yake. Akampa toleo la tisa asome yeye kwanza. Bibi alisoma kwa sauti, na mjukuu akapewa kazi ya kufunua. Ukurasa wa kwanza ulipokwisha, kidole kikaanza kupanda chenyewe kuelekea mdomoni.

"Eeh!" Bibi alisema.

Kidole kikasimama njiani. Bibi akampa leso yake.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Kupima vitu vya watu unaweza, macho unayo. Lakini siku nyingine ukiona doa, anza kwa kutazama mikono yako mwenyewe. Na ukitaka kumlaumu mtu, muulize kwanza, umsikilize mpaka amalize. Doa la kitabu lilinikera kidogo tu. Neno lako ndilo lililonikosesha usingizi."

"Sitarudia, Bibi."

"Vizuri. Sasa itoe hiyo peremende, ufunue. Hewa inamwishia mwenzetu humo kwenye kasiki."