Mwenye Meno

Asubuhi ile mswaki wa kijani ulikutwa umelowa, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuutumia.

Kikombe cha kwenye sinki kilikuwa na miswaki minne, wenyewe walikuwa watatu: mama, aliyekuwa fundi cherehani na kushonea sebuleni; baba, aliyekuwa mchomea vyuma; na binti yao wa miaka mitano, waliyemwita Kasuku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mswaki wa nne ulikuwa ujanja wa mama. Kasuku akiona dawa ya meno hubana midomo utadhani imeshonwa. Mama alibembeleza, akaahidi pipi (akili hizo!), akatisha, akachoka. Jioni moja akachomeka mswaki mpya wa kijani kikombeni.

"Huu ni wa Mwenyewe," alisema. "Hayo meno unayoringia si yako, amekuazima tu. Akija kuyachukua, ayakute masafi."

"Mwenyewe ni nani?"

"Utamjua akija."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, ila hawakusema kichwa cha nani. Kasuku alipiga mswaki bila kushurutishwa, jioni ile na asubuhi yake na siku zote zilizofuata, na baba akamsifu mkewe kwa akili.

Mswaki ulipoanza kulowa, mama alimshuku mumewe.

"Mimi?" baba alicheka. "Nikaguse mswaki wa jini lako?"

Ikafuata harufu ya udongo mbichi kwenye tundu la sinki. Mama alimwaga sabuni, akamwaga maji ya moto, harufu ikabaki. Halafu mchana mmoja, Kasuku akiwa amelala kwenye kochi pembeni yake na baba yuko kazini, mama alisimamisha cherehani ili akate uzi, akasikia bafuni mtu anasugua meno, taratibu, bila haraka, juu kisha chini, akasukutua, akatema, akaanza upya, na mama alipojikaza akausukuma mlango hakuona mtu, ila povu sinkini, na alipoligusa kwa kidole lilikuwa na uvuguvugu wa mate.

Siku hiyohiyo aliuchoma mswaki wa kijani nyuma ya nyumba. Jioni Kasuku akamnong'oneza, "Mama, Mwenyewe kasema si neno. Atatumia wangu."

Wakamwita mzee mmoja, fundi saa wa mtaa wa pili, ambaye watu walimjua zaidi kwa kutibu majini kuliko saa. Alimkalisha mtoto dirishani, akasoma dua mpaka sauti ikamkauka, akamulika kinywani kwa kitochi chake kidogo cha kazi. Akakizima haraka. Akamvuta mama jikoni.

"Jini aliyevamia namtoa," alinong'ona. "Huyu hakuvamia. Ulimwambia meno ni yake, ukampa na chombo cha kuyatunzia."

"Nilitania, baba'ngu! Nilitaka mtoto apige mswaki tu!"

"Najua. Yeye hajui utani."

"Basi mwambie nafuta maneno yangu. Nayafuta yote!"

"Nimemwambia." Mzee aliinamisha kichwa. "Kanijibu kwamba mtoto mwenyewe alikubali. Kila siku, mara mbili."

Mama alikaa chini sakafuni. Mzee akaondoka bila kugusa maji aliyowekewa.

Tangu hapo Kasuku haongei. Baba aling'oa sinki lote kwa mikono yake, akaziba bomba kwa chuma, haikusaidia kitu. Siku waliyoacha makusudi kumpigisha mswaki, fizi za mtoto zilitoka damu mpaka alfajiri, mto ukalowa, na hawakuthubutu tena. Sasa kila jioni, kwenye beseni, mama mwenyewe ndiye anayesugua, akimlaani aliyemfundisha kusema uongo, naye anajua hakufundishwa na mtu.

Jana jioni, usiku ulikuwa haujaingia bado. Kasuku alipanua mdomo, ulimi umelala tuli, machozi yanamtiririka hadi kidevuni, mama akasugua ya mbele, ya juu, ya chini, na kutoka ndani kabisa ya koo lile dogo, ulimi usicheze wala midomo isikutane, ikatoka sauti ya mtu mzima, ya upole.

"Huku nyuma umeruka, mama."

Mama alimfuta mwanawe machozi kwa kiwiko, akarudia ya nyuma.