Mchanga Mifupani

Kache alikuwa amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi ya mboga, aliposikia mwanawe akisema maneno ya marehemu.

"Hawe," Jimmy alimwita bibi yake kutoka mkekani. "Nitoe mchanga. Mifupani mna mchanga."

Bibi huyo, Kahaso, alikuwa akipepeta mchele. Ungo ulimponyoka. Kuku wakaukimbilia mchele, wala hakuwafukuza.

"Ni Fondo wangu," alinong'ona. "Ndivyo alivyosema siku aliyonitoka."

Kache aliacha kukuna. Fondo alikuwa mdogo wa mumewe, Ngala. Alikufa mtoto, kabla Kache hajaolewa hapa Dabaso. Nani alimfundisha Jimmy maneno yale? Macho ya mtoto yalikuwa ya njano. Miguu yake, hata leso ikiigusa tu, alilia.

Mganga alikwisha sema kwamba ni koma, roho ya Fondo, inadai jina lake. Wakampa Jimmy jina hilo na kumwaga tembo la mnazi chini. Maumivu yakatulia kidogo, watu wakafurahi. Kisha yakarudi kwa hasira zaidi.

Lakini Kache hakumwogopa aliyekufa. Alimwogopa aliye hai. Jimmy alipokuwa mchanga, vidole vilimvimba, na Kahaso alimtazama akasema, "Huyu ataumwa." Akaumwa kweli. Alijuaje? Tena kikongwe huyo hakukubali kamwe kulala nyumba moja na mjukuu wake. Kache alimnong'oneza jirani yake Pola kisimani, na Pola hana kifuniko cha mdomo. Lisemwalo lipo, watu wakasema. Wakaacha kuitikia salamu za Kahaso. Asubuhi hiyo mtu alikuwa amemwaga jivu mlangoni pake. Binamu za Ngala nao walisema Ijumaa isimkute hapo, na kila mtu alijua maneno kama hayo huishia kwenye panga.

Sasa Kache alimtazama kikongwe akitetemeka mbele ya mchele uliomwagika. Mchawi hatetemeki hivi, alijiambia, na moyo ukamuuma.

Ngala aliporudi kutoka machimbo ya mawe, Kache alimwambia, "Baba Jimmy, kabla hamjamfukuza mama, tumpeleke mtoto zahanati. Na mama twende naye."

Sista Widad, muuguzi wa zahanati, aliwapima damu mtoto na wazazi wake. Majibu yalipotoka, aliwaita wote wanne.

"Jimmy ana selimundu," alisema. "Chembe za damu yake hupinda kama mundu, zikaziba mishipa. Ndiyo maumivu hayo. Ni ugonjwa wa kurithi. Hakurogwa."

"Arithi kwa nani?" Ngala alikuja juu. "Mimi napasua mawe. Mke wangu mzima kama mimi!"

Widad alitoa leso mbili mkobani. "Tuseme kila mtu ana leso mbili za damu. Moja kapewa na baba, moja na mama. Wewe moja yako ni nzima, moja imetoboka. Ukiivaa nzima juu, nani ataliona tundu?"

"Hakuna."

"Basi. Nzima huifunika mbovu. Kache naye ni hivyo hivyo. Mkizaa, kila mmoja humpa mtoto leso moja tu, na hachagui ipi. Jimmy alipata mbovu mbili. Hana ya kufunikia."

Kache alishika tumbo lake. Alikuwa na mimba changa. "Na huyu je, Sista?"

"Kila mimba ni kura mpya, mwanangu. Kati ya bahati nne, moja ni kupata mbovu zote mbili. Moja ni kupata nzima mbili. Mbili ni kuwa kama nyinyi, mzima aliyebeba mbovu moja. Akizaliwa, mleteni apimwe mapema."

"Na ule mchanga?" Kache aliuliza kwa sauti ndogo. "Marehemu alisema vile vile."

"Hapa wengine husema mchanga, wengine miiba. Maumivu ni yale yale."

Kahaso alisogea mbele. "Kwa hiyo Fondo alikuwa na ugonjwa huu? Naye vidole vilimvimba hivyo hivyo."

"Kwa dalili zake, naona ndiyo, mama. Wewe na mumeo mlimrithisha bila kujua."

"Basi sikumla?" Machozi yalimtoka. "Waliniambia nilimla usingizini. Nikaamini. Miaka yote hii naogopa kusinzia karibu na mtoto."

Ngala aliinamisha kichwa. Kache alimkumbatia mama mkwe wake akalia naye.

Ijumaa binamu walikuja, wameficha mikono nyuma. Ngala alisimama mlangoni. "Nusu ya ugonjwa nimeitoa mimi, nusu mke wangu. Kama mnamtaka mchawi, anzeni na sisi." Walitazamana, wakaondoka mmoja mmoja.

Siku hizi Jimmy hunywa dawa kila siku na maji mengi, na hulala ndani ya chandarua. Akipata homa hupelekwa zahanati bila kungoja. Maumivu bado huja, lakini si mara nyingi kama zamani.

Kache naye alirudi kisimani. Wanawake walikuwa wakichota maji.

"Maneno juu ya mama mkwe wangu niliyaanza mimi," alisema, "na nilimsingizia. Ni damu yangu na ya mume wangu." Akawaeleza yote, leso nzima na leso iliyotoboka.

Pola alitua ndoo yake chini. Hakuwa na utani siku hiyo.

"Binti yangu ameletewa posa," alisema. "Huyo Sista hupima damu siku gani?"